Kusoma Sayansi ya Neva ya Utambuzi na ya Kitabibu Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili wa Mwanafunzi

Kabla ya kujaza fomu yoyote ya maombi, inafaa mwanafunzi ajue shahada hii inampa nini na inamnyima nini. Sayansi ya neva ya utambuzi huchunguza jinsi ubongo unavyotuwezesha kukumbuka, kuzungumza, kuamua na kukaza fikra. Tawi lake la kitabibu huchunguza kinachovurugika mtu anapopatwa na kiharusi, kifafa, ugonjwa wa Parkinson, usahaulifu wa uzeeni au sonona, na namna ya kukipima kilichovurugika. Baadhi ya vyuo vya Ulaya vimeyaunganisha matawi haya mawili katika shahada moja ya uzamili. Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, kina uzamili wa utafiti wa miaka miwili wenye jina hilohilo na unaofundishwa kwa Kiingereza, ilhali nchini Uingereza uzamili wa aina hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja.

Shahada hiyo humfanya mtu awe mtafiti, lakini haimpi leseni ya kutibu. Anayetaka kuwa daktari wa mishipa ya fahamu lazima kwanza asomee udaktari, kisha ajibobeze. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia tabibu nchini Uingereza huhitaji shahada ya uzamivu ya fani hiyo pamoja na usajili, na Kenya inayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inayosimamia usajili wa wanaofanya kazi hiyo. Neno "kitabibu" katika jina la kozi limewapoteza wengi, nami nilikuwa mmoja wao kwa muda wa muhula mzima, nikidhani kwamba siku moja nitakabidhiwa koti jeupe.

Hatua ya kwanza: pima ulikotoka

Wanafunzi huingia katika fani hii kwa milango minne, yaani saikolojia, udaktari, baiolojia, na kompyuta au uhandisi, na kila mlango una pengo lake. Aliyesoma saikolojia anajua majaribio ya kumbukumbu lakini mara nyingi hajui seli ya neva inavyotuma ishara. Daktari anajua majina ya sehemu zote za ubongo lakini hajawahi kubuni jaribio lenye kikundi linganishi. Mhandisi anaandika programu kwa urahisi lakini hajawahi kukaa na mgonjwa ambaye neno limemponyoka mdomoni. Andika pengo lako kwenye karatasi, ulibandike ukutani, na uanze kuliziba angalau miezi sita kabla ya muhula kufunguliwa, kwa sababu kozi ya mwaka mmoja haina muda wa kukusubiri.

Kwa asiye na msingi wa baiolojia, mambo ya lazima si mengi. Elewa kwa nini seli ya neva iliyotulia huwa na tofauti ya umeme ya takriban milivolti 70 hasi kati ya ndani na nje, jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka ishara inapopita, na jinsi ishara hiyo inavyovuka sinapsi, yaani mwanya kati ya seli mbili, kwa njia ya kemikali. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliyaeleza hayo ya sodiamu na potasiamu mwaka 1952 kwa kutumia neva nene ya ngisi, na hadi leo milinganyo yao hufundishwa. Ukikutana na maandishi yanayosema kwamba ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 100, jua kwamba ni makadirio ya zamani. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na kundi la Suzana Herculano-Houzel wa Brazil ilipata takriban bilioni 86.

Hatua ya pili: maombi na fedha

Hapa nitasema machache. Katika barua ya maombi, usianze na habari za kuvutiwa na maajabu ya ubongo tangu utotoni, kwa maana kila mwombaji huanza hivyo. Anza na swali moja unalotaka kulichunguza, eleza umelifanyia nini hadi sasa, na utaje ni nani katika chuo hicho anayefanya kazi inayokaribiana nalo. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humwajibisha mhitimu kurejea nchini kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Zipo pia nafasi za Jumuiya ya Madola, za DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, na za Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Mtanzania ahakikishe mapema na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba chuo anachokiendea kinatambuliwa. Kwa wasio na uwezo wa kusafiri, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, hufadhili mafunzo ya muda mfupi barani Afrika, shirika la TReND in Africa huendesha mafunzo ya namna hiyo, na Neuromatch Academy, iliyoanza mwaka 2020, hufundisha kwa intaneti kwa ada inayopunguzwa kulingana na nchi ya mwanafunzi.

Hatua ya tatu: jifunze anatomia kwa kisu na penseli

Picha za rangi vitabuni hudanganya, kwa kuwa huonyesha kila sehemu ya ubongo ikiwa na mpaka wake kama mikoa kwenye ramani. Dawa yake ni kushika ubongo halisi, na wala huhitaji maabara. Nenda buchani, umwombe muuzaji kichwa cha mbuzi kilichopasuliwa katikati kama wanavyokipasua kwa ajili ya supu. Shoka likipita sawasawa, umepata mkato uleule ambao wanafunzi wa ng'ambo huuona katika somo la kwanza. Utaliona daraja jeupe linalounganisha nusu mbili za ubongo, yaani korpasi kolosamu; chini yake thalamasi; kisha shina la ubongo likishuka kuelekea uti wa mgongo; na nyuma yake ubongo mdogo, ambao ndani yake una weupe uliotawanyika kama matawi ya mti. Uweke ubongo kwenye friza kwa saa moja au mbili ili ugande kidogo, la sivyo utasambaratika mkononi. Vaa glavu, safisha meza kwa dawa, na ubongo uliouchezea usirudi jikoni.

Baada ya hapo chora. Kila siku, kwa dakika 15, chora ubongo kwa ubavu, kwa mkato wa kati na kwa mkato wa mbele, bila kutazama popote, kisha linganisha na picha sahihi na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Wiki tatu za kuchora huzidi miezi mitatu ya kukariri orodha, kwa sababu penseli hukulazimisha kuamua hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu) iko upande gani wa amigdala (sehemu inayohusishwa na hisia kama hofu), ilhali jicho linaloangalia tu hujisifu kwamba linajua.

Hatua ya nne: soma wagonjwa kabla ya nadharia

Mihadhara mingi huanza na nadharia na kuwaweka wagonjwa kama mifano. Ushauri wangu ni kuupindua mpangilio huo, kwa sababu fani yenyewe ilizaliwa vitandani mwa wagonjwa na mantiki yake huonekana wazi zaidi huko.

Anza na Leborgne, mgonjwa wa hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, ambaye alikuwa akielewa anachoambiwa lakini akijibu karibu kila kitu kwa silabi moja, "tan". Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliufungua ubongo wake na kukuta kidonda upande wa kushoto wa lobu ya mbele. Mwaka 1874 daktari Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa aina nyingine, wanaozungumza kwa mfululizo lakini maneno yao hayashikamani na wao wenyewe hawaelewi wanachoambiwa, na kidonda chao kiko nyuma zaidi. Ukiwaweka wagonjwa hawa pamoja utaipata hoja kuu ya fani nzima: ikiwa mmoja amepoteza A na kubaki na B, na mwingine amepoteza B na kubaki na A, basi una sababu ya kuamini kwamba A na B zinategemea sehemu tofauti za ubongo. Mgonjwa mmoja peke yake hatoshi, kwa kuwa huenda kazi aliyoshindwa ni ngumu zaidi tu kuliko ile aliyoiweza.

Kisha rudi kwa Leborgne mara ya pili. Ubongo wake ulihifadhiwa Paris, na watafiti walipoupiga picha za MRI, yaani za mashine ya sumaku, na kuzichapisha mwaka 2007, walikuta kwamba uharibifu ulikwenda ndani kuliko Broca alivyoweza kuona kwa nje. Kwa hiyo "eneo la Broca" unalolisoma kitabuni halilingani sawasawa na kidonda alichokuwa nacho mgonjwa wa Broca.

Wa tatu ni Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. tu hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953, kwa ajili ya kutuliza kifafa, daktari William Scoville alimwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, na tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Hata hivyo mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota akiutazama mkono wake katika kioo, aliimarika siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Andika ukurasa mmoja kwa maneno yako mwenyewe ukieleza jambo hilo linathibitisha nini na haliwezi kuthibitisha nini. Ukiweza, umeielewa mada ya kumbukumbu kuliko aliyekariri michoro kumi.

Phineas Gage, aliyetobolewa kichwa na nondo mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, yumo katika kila kitabu, lakini msome kwa tahadhari. Husimuliwa kana kwamba aligeuka mhuni moja kwa moja, ilhali baadaye alikwenda Chile akaendesha gari la farasi kwa miaka kadhaa, kazi isiyofanywa na mtu asiyeweza kupanga mambo yake.

Hatua ya tano: jua kila chombo kinaona nini

Swali la kwanza la mtihani katika somo la mbinu ni hili hili, hata likivaa nguo gani. EEG, ambayo Hans Berger aliichapisha kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1929, hupima umeme unaofika juu ya kichwa; inaona mabadiliko ya milisekunde lakini haijui vizuri umeme umetoka wapi. fMRI, yaani MRI inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, haipimi umeme wala seli zenyewe, bali hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu. Inaonyesha mahali kwa kiwango cha milimita mbili au tatu, lakini damu hufika kileleni sekunde tano au sita baada ya tukio. Mbinu hizi mbili huonyesha tu kinachoambatana na kazi fulani. TMS, kichocheo cha sumaku kilichozinduliwa Sheffield mwaka 1985, huvuruga sehemu ya ubongo kwa muda mfupi, hivyo inakaribia kuuliza kama sehemu hiyo inahitajika kweli.

Kosa linalowanasa wengi ni kusema: amigdala imewaka, kwa hiyo mtu huyu ana hofu. Amigdala huwaka kwa mambo mengi, na kutoka kwenye mwako kwenda kwenye hisia ni kurudi nyuma kimantiki.

Jambo jingine ambalo mihadhara huligusa kwa nadra ni nywele. Kofia za EEG zilibuniwa kwa nywele nyembamba zilizolala, na mtu mwenye nywele nzito au aliyesuka huambiwa kimyakimya kwamba data zake ni mbovu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wamebuni elektrodi, yaani vihisio vya umeme, zinazoshikilia kati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Kabla ya kukusanya data zako, uliza maabara yenu ina utaratibu gani, kwa maana sampuli inayowaacha watu kwa sababu ya nywele si sampuli ya umma.

Hatua ya sita: takwimu na programu, mahali watu wanapoangukia

Walioanguka katika darasa langu hawakuanguka kwa anatomia. Waliangukia hapa, na wengi walikuwa na alama nzuri kila mahali kwingine.

Fanya hesabu moja rahisi. Picha moja ya fMRI inaweza kuwa na vokseli 100,000, yaani vipande vidogo vya ujazo, na kila kimoja hupimwa peke yake. Ukikubali kiwango cha kawaida cha makosa cha 0.05, utapata takriban vokseli 5,000 zilizowaka hata kama hakuna kinachotokea kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walionyesha balaa hili kwa kumweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, katika mashine, wakamwonyesha picha za binadamu, na bila masahihisho ya takwimu wakapata sehemu za ubongo wake "zikifanya kazi". Mwaka 2013 uchambuzi wa Katherine Button na wenzake ulikadiria kwamba nguvu ya kitakwimu ya tafiti nyingi za sayansi ya neva ilikuwa na wastani wa kati wa asilimia 21 hivi. Maana yake ni kwamba athari iliyopo kweli ingekosekana karibu mara nne katika kila mara tano, na ile inayopatikana huwa imekuzwa.

Kwa hiyo, kabla ya kufika chuoni, jifunze lugha ya programu ya R au Python hadi uweze kufungua jedwali, kuchora grafu, na kulinganisha vikundi viwili bila kunakili msimbo wa mtu mwingine. Programu hizi ni za bure, na ndivyo zilivyo JASP ya takwimu, PsychoPy ya kuunda majaribio, MNE-Python ya EEG na FSL ya picha za MRI. Pakua data halisi kutoka tovuti ya OpenNeuro, ambako watafiti huweka data zao wazi, lakini anza na EEG, kwa kuwa seti ya fMRI inaweza kufikia makumi ya gigabaiti na kukumalizia bando la mwezi kwa usiku mmoja. Zoezi bora kuliko yote ni kuunda data za uongo mwenyewe, unazojua jibu lake, kisha kuona kama uchambuzi wako unalipata jibu hilo.

Hatua ya saba: vipimo vya kitabibu na lugha ya anayepimwa

Msomaji wa Kiswahili ana faida katika sehemu hii, mradi aitumie. Vipimo vingi vya utambuzi vilitungwa kwa Kiingereza au Kifaransa kwa watu waliokwenda shule, na viwango vyake linganishi vilitoka kwa watu hao. Kipimo maarufu cha MoCA, kilichochapishwa Montreal mwaka 2005, kina alama 30, na chini ya 26 huhesabiwa kuwa dalili ya tatizo. Katika toleo lake la awali mgonjwa hutaja simba, kifaru na ngamia, jambo ambalo kwa mzee wa Afrika Mashariki ni rahisi. Lakini kipimo kingine, Boston Naming Test cha kutaja majina ya picha, kina igloo (nyumba ya theluji) na pretzel (mkate uliosokotwa), na mzee wa Bagamoyo akishindwa kuvitaja hujapima ubongo wake.

Kutafsiri maneno hakutoshi. Chukua kipimo cha ufasaha wa maneno, ambapo mtu hutaja kwa dakika moja maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi fulani. Kwa Kiswahili, mwanzo wa neno mara nyingi ni kiambishi: vitenzi vyote vikitajwa kwa "ku-", kama kucheza, kulala, vinaanza na K, na mtu akibadili umoja kuwa wingi amebadili herufi. Kutaja wanyama au vyakula kunasafiri vizuri zaidi. Chukua pia kipimo cha kurudia tarakimu. Katika Kiingereza tarakimu nyingi ni silabi moja, katika Kiswahili ni mbili au tatu. Utafiti wa mwaka 1980 kuhusu watu wanaozungumza Kiwelshi na Kiingereza ulionyesha kwamba walikumbuka tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza, kwa sababu tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu kutamka. Kuna kila sababu ya kutochukua viwango vya Kiingereza na kuwabandika Waswahili.

Vilevile jihadhari na neno "hajui kusoma". Mzee wa Lamu au Unguja aliyehitimu chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani huenda anasoma herufi za Kiarabu bila shida, ilhali kipimo cha kuunganisha namba na herufi A, B, C kitamwandika kama asiyeelewa kitu. Na mama akisema mwanawe alishikwa na degedege, usiandike "kifafa". Degedege kwa kawaida ni mtukutiko wa mtoto mwenye homa, na wengine hulihusisha na shetani au ndege wa usiku. Uliza lilitokea mara ngapi, kukiwa na homa au bila homa, na mtoto alizinduka baada ya muda gani. Mwite mzazi kwa heshima anayoitwa nyumbani, mama fulani au baba fulani, kwani kipimo kinachoanza kwa kumvunjia mtu heshima hupima hasira yake.

Hatua ya nane: tasnifu

Chagua swali dogo. Wasimamizi wazuri hulikata swali la mwanafunzi mara tatu kabla ya kulikubali, na ukiona halijakatwa, likate mwenyewe.

Afrika Mashariki na jirani zake haina uhaba wa maswali. Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwahudumia wenye kifafa karibu na mwaka 1960, bado ni eneo la utafiti kuhusu uhusiano wa kifafa na minyoo ya usubi. Kilifi, Kenya, programu ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na mfuko wa Wellcome wa Uingereza iliyoanza mwaka 1989 imechunguza kwa miaka mingi athari za malaria ya ubongo kwa akili za watoto. Blantyre, Malawi, picha za MRI zilizochapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba watoto wengi waliofariki kwa malaria hiyo walikuwa na ubongo uliovimba sana. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ugonjwa wa konzo hupoozesha miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, na athari zake kwa utambuzi zimeanza kupimwa.

Ukitaka kukusanya data nyumbani, vibali ndivyo vitakavyoamua ratiba yako. Tanzania Bara utafiti wa afya hupitia kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mtafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina mamlaka yake. Kenya huhitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya nchi hiyo, na Uganda ni UNCST, baraza lake la sayansi. Chuo chako cha ng'ambo nacho kitataka idhini yake, na zote huenda kwa zamu, si kwa pamoja. Peleka maombi mara tu swali linapokubaliwa, ukiwa na fomu ya ridhaa ya Kiswahili ambayo mtu mwingine ameirudisha kwa Kiingereza bila kuiona ya awali. Wakati unasubiri, fanya uchambuzi uleule kwa data za wazi, ili kibali kikichelewa kupita muda wa kozi uwe bado na tasnifu ya kuwasilisha. Fomu za karatasi zifungiwe, majina yatengwe na namba za washiriki siku ileile ya kupima, na nakala ya data ikae mahali pawili, kwa sababu kompyuta za mkononi huibwa kwenye mabasi.

Kabla ya kufunga kazi, andaa ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili cha kawaida, usiokuwa na jina la mtu wala alama ya mshiriki yeyote, na uombe nafasi ya kuusoma siku ya kliniki pale ulipokusanya data. Kaa baada ya kusoma, maana maswali ya mama wenye watoto wa kifafa huja watu wakishaanza kuondoka.